Mashine ikizima njiani ukirudi Dar kutoka Mafia: anza na tanga, spana baadaye

Naandika hii kwa wenzangu wenye mashua ya tanga yenye mashine nyuma, hizi Yamaha za hospawa 15 ambazo kila diko, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, zipo, wanaokwenda Mafia alafu wanatakiwa kurudisha chombo nyumbani, iwe Kunduchi, Msasani au Mjimwema. Nazungumzia miezi ya kusi, Aprili mpaka Septemba hivi, manake kipindi hicho upepo unakuwa nyuma yako na mkondo wa bahari nao unapanda kaskazini, kwa hiyo hata mashine ikifa kabisa bado una njia ya kufika. Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba, hesabu inabadilika: mkondo unapungua nguvu, upepo unakupiga usoni, utakwenda bisho, yaani kukata upepo kwa zigizaga, mpaka mikono iote malengelenge, na haya ninayoyasema hapa hayatakutosha.

Jambo langu kubwa ni moja. Panga safari kama huna mashine. Siku ya kutoka, saa ya kung'oa nanga, njia ya kupita, vyote vichague kwa tanga na maji, alafu mashine iwe baharia wa akiba wa kukutoa pale upepo unapolala na kukuingiza mlangoni. Siku hizi vijana wengi wanafanya kinyume, tanga limefungwa mafundo kumi limelaliwa na madumu, foromali, ule mti wa kubebea tanga, iko chini imekandamizwa na tenga za samaki, mashine ndo kila kitu, sasa ikizima katikati ya kisiwa cha Kwale na Kimbiji pale huna mashua tena, una gogo linaloelea lenye watu juu yake.

Njia yenyewe kutoka Kilindoni, pale Mafia, mpaka Kunduchi ni zaidi ya kilomita 140, na mimi naikata mara tatu kichwani. Kipande cha kwanza Kilindoni mpaka kisiwa cha Koma, kama kilomita 50, una Mafia upande wa kulia inakukinga na bahari kuu, na kushoto kuna delta ya Rufiji, maji ya tope na magogo yanayoelea, kwa hiyo usiukumbatie sana upande wa bara na usipite hapo usiku. Kipande cha pili Koma na Kwale mpaka Ras Kimbiji, hiki ndo chenyewe, manake kinga ya Mafia imebaki nyuma na kinga ya Unguja hujaifikia, mawimbi yanakuja moja kwa moja toka bahari kuu na upepo ukigeuka mashariki kidogo unakusukumia kwenye mwamba. Cha tatu Kimbiji mpaka nyumbani, hapo unaangukia kaskazini magharibi na upepo uko tezi, nyuma ya chombo, raha tupu ukiwa na tanga.

Sasa saa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, huku kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakauka kwenye saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo naondoka Kilindoni saa kumi alfajiri chombo kikiwa kinaelea vizuri, umande, ule upepo wa alfajiri, unatoka nchi kavu unanisukuma taratibu, jua likipanda kusi inaanza kuchangamka, saa sita saba mchana niko Koma au Kwale. Nalala hapo. Kesho yake natoka tena alfajiri, na nikienda kilomita 8 au 9 kwa saa pamoja na mkondo, naikuta Kunduchi jioni maji yakiwa yamejaa. Bamvua pwani ya Dar maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukija yamekauka utapwelewa mbali na diko, na kupwelewa wakati mashine imekufa na upepo wa jioni unapiga ni kuumiza chombo bure.

Kabla ya yote angalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, baki Mafia kula samaki. Hakuna mzigo wala harusi ya kukutoa siku hiyo. Na mtu mmoja nyumbani ajue umetoka saa ngapi, mko wangapi, mtalala wapi, na akikosa simu yako mpaka saa fulani aende kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wa diko lenu. Mwambie saa kamili, ukimwambia "jioni jioni" atakaa anasubiri mpaka kesho.

Mafuta. Hapa nataka nikae kidogo manake mashine nyingi zinazozima baharini hazijaharibika, zimelishwa kitu kibaya. Visiwani petroli unanunua ya dumu, na dumu limeshapita kwenye maboti mangapi hujui. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo nyeupe, kavu kabisa, vuta mafuta toka CHINI ya dumu kwa mpira, jaza nusu, iweke juani kwenye ubao dakika 10 bila kuigusa. Petroli ikiwa na maji utaona chini kumejitenga kitu kinachong'aa, ukiinamisha chupa kinateleza kama ute wa yai na hakichanganyiki na mafuta ya juu. Hayo ni maji. Kijiko kimoja tu kikifika kwenye kabureta mashine inakufa. Ukiyaona usimimine dumu zima kwenye tenki, acha litulie usiku, mimina kwa juu taratibu, chini bakisha lita mbili usizitumie, na upitishe kwenye kitambaa cha shamwa, ile ngozi laini, au faneli yenye chujio laini. Kuchanganya oili fuata kitabu cha mashine yako, nyingi ya hizi zinakwenda 50 kwa 1, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, na upime kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa jicho.

Mimi hili lilinikuta mwaka juzi mwezi wa nane. Tulilala Kwale, alfajiri umande ukalala, tukawasha mashine na tanga tukalitua kabisa ili foromali isitupige, tukaenda hivohivo masaa. Tulipokaribia Kimbiji, mwamba uko kama kilomita 4 kushoto kwetu, mashine ikakohoa mara mbili ikazima. Kijana wangu akaruka nyuma akafungua kava akaanza kuvuta kamba, anavuta, anavuta, mwingine anapampu, mimi nimeinama naangalia plagi, wote watatu tumegeukia tezi, na hakuna hata mmoja aliyeangalia chombo. Nilipoinua kichwa omo, mbele ya chombo, ilishageuka, mawimbi yanatupiga ubavuni, maji yameingia mpaka kwenye kifundo cha mguu, na ule mwamba uliokuwa mstari mweupe kwa mbali sasa nausikia unavyonguruma. Nikapiga kelele acheni mashine, twekeni tanga. Tukatweka, demani, ile kamba ya kuongozea tanga, ikashikwa, chombo kikasimama kikaanza kutembea, na ndani ya nusu saa tulikuwa tumeshaliacha jabali lile nyuma. Tanga tungelitweka dakika ile ile ilipozima tusingelowa hata kidogo.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu na uwaambie mabaharia wako kabla hamjatoka, kila mtu ajue kazi yake. Mashine ikizima, wa usukani abaki usukani, hasogei. Wawili watweke tanga, na ukiwa na mashua ya ukubwa wa kati na kusi imekaza chukua lile tanga dogo, usiwe na tamaa. Mkishaanza kutembea elekeza chombo mbali na mwamba, toka nje kwenye maji marefu, poteza hata saa nzima kwa ajili hiyo. Kama hakuna upepo kabisa na kina kinafikika, tupa nanga, kamba iwe ndefu angalau mara 5 ya kina, kwenye mita 10 za maji utoe mita 50, fupi ya hapo itaburura. Kama kina ni kirefu nanga haifiki, fungia kapu au tanga la zamani kwenye kamba ulitupe omo, litakuvuta uelekee mawimbi na upunguze kusukumwa. Vaeni majaketi ya kuokolea. Fueni maji yaliyoingia ngamani, kule chini ndani ya chombo. HAPO ndo mmoja, mmoja tu, aende kwenye mashine.

Na huyo mmoja asianze kufungua fungua, akumbuke kwanza imezimaje. Mashine inakuambia yenyewe. Ikikata ghafla kama umezima swichi, tafuta upande wa umeme, na cha kwanza kabisa angalia kile kikamba chekundu cha usalama, mara nyingi mtu kakivuta kwa goti. Ikikohoa, ikapungua, ikarudi, ikapungua, ikafa, hayo ni mafuta. Ikiwa inalia kwa sauti kubwa lakini chombo hakiendi, shida iko kwenye propela. Ikipoteza nguvu taratibu na kichwa kinanukia rangi iliyoungua, ni joto.

Upande wa mafuta anza na vitu vya bure. Kitundu cha hewa cha kifuniko cha tenki kiko wazi? Hiki nakitaja wa kwanza manake kinafungwa ili petroli isimwagike wakati wa kupakia na watu wanasahau, mashine inakwenda dakika kumi au ishirini alafu inavuta mpaka tenki linasinyaa inakufa. Mpira haujakanyagwa na dumu? Minya kile kibofu cha raba, kikawa kigumu basi mafuta yanafika, kikibaki laini kuna hewa inaingia mahali, kaza viungo vyote viwili, na ukiminya mshale wake uwe unaelekea kwenye mashine. Kikiwa kigumu na bado hamna kitu, fungua filta ndogo uangalie kama kuna maji au takataka, alafu fungua skrubu ya chini ya kabureta uyaache yaliyomo yamwagike kwenye kikopo. Sisi siku ile ya Kimbiji ndo hapo tulipoyakuta, matone yanakwenda mbio kwenye kikopo kama zebaki. Tukamwaga, tukabadilisha tenki, tukapampu mpaka petroli safi ikatoka, skrubu ikarudi, mvuto wa tatu ikawaka. Skrubu hiyo ni ndogo, chombo kinayumba, tandika nguo chini kabla hujaifungua, ikidondoka baharini safari yako ya mashine imeishia hapo.

Umeme. Toa plagi. Ikiwa imelowa nyeusi imezama mafuta, ifute, isugue na brashi ya waya, ikauke. Mashine yenyewe ikiwa imelewa mafuta, plagi zikiwa nje na kikamba cha usalama umekichomoa, chokea ikiwa imezimwa na akseleta wazi yote, vuta kamba mara tano sita itapike, kisha rudisha plagi MPYA. Nunua plagi za akiba mbili za namba ile ile iliyoandikwa kwenye zako, zifunge kwenye puto au mfuko mkavu, ni hela ndogo mno kwa kazi yake. Ukitaka kuona kama cheche zipo, funga mafuta kwanza, funika madumu, futa petroli iliyomwagika, subiri upepo uondoe harufu, manake cheche na mvuke wa petroli ndani ya mashua ya mbao hamtakuwa na pa kukimbilia. Mimi baharini sipimi cheche, nabadilisha tu plagi na kukausha waya na vifuniko vyake kwa kitambaa, isipowaka naenda na tanga.

Joto. Zoea kuangalia mkojo wa mashine, yale maji yanayotoka nyuma, kila baada ya dakika chache kama unavyoangalia mwanao akiogelea. Yakikata, zima hapo hapo. Inua mashine uangalie matundu ya kuingizia maji, huku kwetu siku hizi ni mifuko ya plastiki na majani ya bahari ndo yanaziba. Ukishasafisha na bado hayatoki, chukua kipande cha mshipi mnene wa kuvulia ukipitishe kwenye kile kitundu cha kutokea, mara nyingi chumvi au mchanga umeganda. Kama bado basi impela, ile inayosukuma maji ya kupoza, imekwisha, na hiyo hubadilishi mawimbini. Usiiwashe tena njiani. Iache ipoe kabisa, uitunze kwa dakika mbili tatu za kuingilia diko tu, na kama si lazima hata hapo usiiwashe.

Propela ikinasa wavu au kamba, zima, chomoa kikamba cha usalama, inua mashine, kata kwa kisu ukiwa ndani ya chombo, mtu asiruke majini kwenye mawimbi. Mashine ndogo zina pini inayokatika ili kuokoa gia, beba pini zake za akiba, usipachike msumari mgumu wa nondo manake hautakatika, kitakachokatika ni gia. Nyingi za 15 kwenda juu hazina pini, zina raba ndani ya propela, na raba ikianza kuteleza bado unaweza kwenda kwa akseleta kidogo kabisa. Ukiongeza tu inazunguka bure.

Jipe nusu saa. Isipowaka ndani ya nusu saa na upepo upo, funika kava, inua mashine juu isiburute maji, na uendelee na tanga. Hili wengi linawashinda, wanabaki wanavuta kamba mpaka jua linazama na nguvu zote zimeishia pale, wakati kusi ilikuwa inawabeba bure. Toka Kimbiji uende na upepo wa tezi lakini usiuweke tezi kabisa, uache kidogo ubavuni, manake wimbi likikupindua foromali inaweza kuvuka upande wa pili kwa kishindo na kuvunja mlingoti au kichwa cha mtu. Wa demani aishike mkononi au aifunge fundo la kuvuta mara moja, asiifunge fundo la kufa.

Giza likikukuta kabla hujafika, usilazimishe. Nje ya bandari ya Dar kuna meli kubwa zinasubiri zamu na nyingine zinaingia na kutoka, hizo hazikuoni na haziwezi kukukwepa. Jifiche nyuma ya Sinda, upande wa kaskazini ambako kisiwa kinakukinga na kusi, tupa nanga, tundika taa juu, ulale kwa zamu. Piga simu nyumbani uwaambie mko Sinda mnangoja asubuhi. Ukiwa na redio ya VHF ni chaneli 16, ukiwa na simu tu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji imejaa chaji, usipigie picha mchana kutwa.

Ukipata chombo cha kukuvuta, elewaneni kabla ya kamba kurushwa, mafuta ya nani na mpaka wapi. Kamba ya kuvutia ifungwe chini ya mlingoti, pale ulipokaa kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, sio kwenye kibao cha kukalia, kibao kitang'oka na kwenda zake. Iwe ndefu, mita 30 na zaidi kwenye mawimbi, ili isikaze na kulegea kwa kushtua. Mwambie anayekuvuta aende polepole, watu wako wasogee nyuma omo iinuke, na asikae mtu kwenye mstari wa kamba. Kisu kikali kiwe mkononi mwa mmoja muda wote.

Kunduchi ukiingia kwa tanga bila mashine, pita nje uione kisiwa cha Mbudya vizuri, ngoja maji yajae, alafu punguza tanga mapema, kasia na pondo ziwe tayari mkononi. Mtu mmoja akae omo anaangalia rangi ya maji, kahawia ni mwamba, kijani nyepesi ni mchanga. Nanga iwe imeshafunguliwa, sio chini ya vitu.

Mkifika mtakuwa mmechoka na mtataka kwenda kuoga, lakini mashine usiilaze na chumvi. Kama ilizama au ilipigwa na wimbi mpaka ndani, hiyo ni kazi ya usiku ule ule: imwagie maji baridi, yasiyo na chumvi, nje na ndani ya kava, toa plagi, ilaze matundu yaangalie chini, vuta kamba mpaka maji yaishe kutoka, weka oili kijiko kwenye kila silinda, vuta tena mara chache, alafu ndo umwite fundi asubuhi. Kama haikuzama, iendeshe kwenye pipa la maji baridi dakika kumi, chomoa mpira wa mafuta ikiwa inawaka iachie ijimalizie yenyewe iliyobaki kwenye kabureta. Lile dumu lenye maji liandike kwa rangi kubwa pembeni, MAJI, uliweke mbali na mengine, manake kijana wa kesho hatajua.